Nukta Tano za Pangoni

Malindi, Mji Mkongwe
3 Februari 2024

Kwa Binti Wanu,

Nimeficha saa sita. Nimezificha tangu mwaka 1988, na nimezificha mahali ambapo kila mwenye macho angeweza kuziona, katika safu ya pili ya jedwali ulilonitumia.

Marahaba kwa shikamoo yako, na ahsante kwa kuniandikia kwenye karatasi. Vioo vya simu siviwezi tena. Barua yako alinisomea mpwa wangu Rawiya, ndiye anayenitazama. Daktari ametwambia sote wawili kwamba moyo wangu umechoka, na kama nina la kuandika basi niandike sasa.

Unauliza kwa nini vipimo vyetu vya maji ya pangoni vilichukuliwa usiku wa manane: saa 3, saa 4, saa 5. Tena unauliza kwa nini maji ya pango yalikuwa chini bahari ilipojaa, na juu bahari ilipokupwa. Umesema grafu yako inaonesha pango linalopumua kinyume na bahari, na wenzako ofisini wamelipenda. Najua. Wageni walioandika juu ya utafiti wetu zamani walilipenda pia pango hilo la kinyume, na mimi nikawaacha walipende.

Hakuna pango la kinyume. Hatukuingia usiku hata mara moja. Saa zile ni zetu. Saa 3 ni saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Programu yako imezisoma kama saa za kizungu, kwa hiyo imezirudisha nyuma saa sita, na ukiirudisha bahari nyuma saa sita, iliyojaa huwa imekupwa. Ongeza saa sita katika kila mstari. Utaona pango linaifuata bahari, kwa kuchelewa kidogo tu.

Fanya hivyo kabla hujaliweka jedwali mtandaoni. Umenieleza kuwa watembeza wageni wa kule kaskazini wanalisubiri, wapange saa za kuwaingiza watu kuogelea baada ya Idi. Wakiifuata grafu ile ilivyo, watawaingiza watu maji yakija.

Ni hilo tu. Nimeishi na kosa dogo la hesabu, na sasa nimelitua.

Hamoud bin Jamil


Kiembe Samaki
6 Februari 2024

Mzee wangu Dokta Hamoud,

Shikamoo. Nimejicheka mpaka wenzangu wakaja kuniuliza nina nini. Mimi niliyezaliwa kisiwani humu, ninayeamka saa kumi na moja na kulala saa nne, nimeiachia kompyuta iniambie kwamba saa tatu ni usiku! Mama akisikia atasema fedha za shule zimekwenda bure.

Nimeongeza saa sita. Naona ulivyoandika "programu yako" kana kwamba ni mnyama wangu wa kufuga, basi nikueleze. Si yangu, wala si ya mtu. Ni ya bure, na kila mtu anaweza kuifungua ndani akaona inavyohesabu. Jedwali nalo litakuwa wazi vivyo hivyo. Mwanafunzi wa Makunduchi akitaka kuichora grafu yangu upya, ataichora, na nikiwa nimekosea ataniumbua mbele ya dunia. Na kila badiliko linabaki humo, pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake. Kwa hiyo saa zako sita zimeshaandikwa: "Saa zimesahihishwa kwa maelezo ya Dokta Hamoud Jamil, mkuu wa utafiti."

Nimekutilia grafu mpya ndani ya bahasha. Nimeichapisha kubwa, mistari minene, uione mwenyewe. Mstari wa buluu ni bahari, kwa kumbukumbu za bandarini. Nukta nyekundu ni pango. Tazama zilivyotulia zote chini, katika mabonde ya mstari. Nimefahamu sasa kwamba mlikuwa mkiingia maji yakipwa tu, kama watu wenye akili.

Isipokuwa siku ya mwisho. Tazama kulia kabisa. Kuna nukta tano juu ya mgongo wa wimbi, bahari ikiwa imejaa. Zimekaribiana sana, dakika chache baina ya moja na ya pili, na zinapanda kama ngazi. Baada yake hakuna kitu. Jedwali linakatika hapo.

Tena kila mstari una herufi mbili, ya aliyesoma kipimo na ya aliyeandika. Kote ni J na H. Katika mitano hii J yupo, lakini nafasi ya mwandishi iko tupu.

Ni kosa la kunakili, Mzee? Au kuna mtu aliingia maji yakijaa?

Wako,
Wanu


Malindi
11 Februari 2024

Kwa Binti Wanu,

Nukta zile tano ni makosa. Zifute.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu hatulali vizuri humu ndani. Nitakueleza, usije ukadhani nimekudharau. Wiki iliyopita nilimwita Rawiya aniletee maji. Akaitika, "Naam," kutoka jikoni. Kisha ikaja naam nyingine. Hiyo ya pili ilitoka uani, kwenye kile kisima cha zamani ambacho hatukitumii tena tangu mifereji ya bomba ilipoingia. Nilimuuliza Rawiya kama ameitika mara mbili. Akasema, "Mjomba, mara moja hunitosha."

Tangu siku hiyo siiti mtu jina. Nimetafutiwa kengele ya mkono. Nikitaka kitu nagonga, na kengele haina wa kuiitikia.

Usiniulize tena juu ya siku ile ya mwisho. Tulikuwa tunamaliza kazi, watu wamechoka, mikono ikakosea. Katika zama zetu grafu ilichorwa kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, na nukta iliyokosea ilifutwa kwa raba, wala raba haikumuuliza mtu sababu. Fanya hivyo.

Rawiya ananiambia wewe asili yako ni mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Mama yako yu hai?

Hamoud bin Jamil


Kiembe Samaki
19 Februari 2024

Dokta Hamoud,

Shikamoo.

Siwezi kuzifuta. Si ubishi. Nikifuta mstari, jedwali litabaki na alama kwamba Wanu alifuta mistari mitano, na mbele yake nafasi ya kuandika sababu. Nimekaa mbele ya nafasi hiyo siku nzima. "Makosa ya mikono" haikunitoka. Mkono uliochoka hukosea ovyo. Nukta hizi zimepanda kwa utaratibu, kila moja juu ya mwenzake, namna maji yanavyopanda. Hazina kosa. Ndizo nukta safi kuliko zote katika jedwali lako.

Jumapili nilikwenda pangoni. Nilipelekwa na Mahfoudh, mmoja wa wale wanaotaka kuwatembeza wageni, kijana mcheshi aliyenitania njia nzima kwamba watu wa ofisi tunaogopa tope. Tulipofika mlangoni utani ukamwisha. Akaniambia kwa sauti ndogo: humu mtu haitwi jina. Akikuita mtu, ukaitika, pango limeshakujua. Wazee wao wote walifuata mwiko huo. Akasema ni watafiti wa zamani tu waliouvunja, mmoja akikaa mlangoni anaita, mwengine yuko ndani kwenye kipimo anaitika na kutaja namba. Ndivyo walivyofanya kazi, na ndivyo mmoja wao alivyochukuliwa.

Nikamuuliza alichukuliwaje. Akanieleza kama alivyohadithiwa. Kwamba yule aliyekuwa akisoma maji aliingia peke yake siku ambayo hakutumwa, kwenda kuchokora sarafu za sadaka wanazoacha watu kwa mzimu. Maji yakamfungia. Kwamba mkuu wake mwenyewe alimwambia sheha, mkubwa wa kijiji, "Leo sikumtuma."

Hadithi hii naijua, Dokta. Nimekua nayo. Mimi ni Wanu Jecha Suhail. Nilikuwa nanyonya alipozama. Mama yangu, Bi Tabia, yu hai, ulimuulizia, kwa hiyo nakujibu. Aliitwa mke wa mwizi wa mzimu mpaka akashindwa kwenda hata dukani, akahamia Ng'ambo na mimi mgongoni, akashona kofia mpaka macho yakaingia ukungu. Hata leo akipewa baki ya sarafu haipokei mkononi. Huwaambia waiweke mezani.

Sikuomba kazi ya jedwali hili kwa bahati. Lakini nakuapia sikutafuta kitu. Nilitaka kuona alama ya kazi yake tu, namba alizozisoma kwa mdomo wake. Sikutegemea kukuta tano za ziada.

Basi nisaidie hesabu moja, wewe ndiye dokta. Mtu aliyeingia peke yake gizani, kurunzi mkononi, maji yanampanda, hawezi kuandika namba. Zingezama naye. Nani aliandika?

Nilipokuwa mlangoni sikujizuia, niliita. Sikuita jina lake, sijawahi kulizoea. Niliita, "Baba." Mahfoudh alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa. Akaniuliza nimemwitikia nani. Nikamwambia sikuitika, nimeita tu. Akanishika mkono tukaondoka, na hakunitania tena mpaka Mkokotoni.

Wanu Jecha


Malindi
23 Februari 2024

Kwa dada Wanu,

Assalaam alaykum. Mimi ni Rawiya, ninayezipeleka barua zenu huku na huku kama tarishi asiye na mshahara. Mjomba hajui kwamba naandika.

Barua yako ya mwisho alitaka aisome mwenyewe. Aliifungia mlango. Tangu hapo anakunywa uji vijiko viwili, basi. Juzi tulimpeleka hospitali, wakamtia maji ya mshipa, akayakataa. Akasema yameshatosha. Nilidhani anayasemea yale ya chupa.

Grafu yako kaibandika ukutani usawa wa kitanda. Ile pembe ya kulia ameifunika kwa karatasi ya vidonge vya panadol. Usiku nikiamka namkuta amekaa ameweka kiganja juu yake, kama mtu anayemzuia mtoto asidondoke. Ameniamrisha nikifunike kisima kwa ubao na niweke kinu juu yake. Nimefanya. Asubuhi kinu kilikuwa chini. Mimi nasema ni paka, na wewe useme ni paka.

Sasa nikuulize kama mwanamke kwa mwanamke, na usinikasirikie. Jana alikuwa akiweweseka anasema, "Binti wa watu, binti wa watu." Mjomba hakuoa, na majirani zetu wana midomo. Kama wewe ni damu yake, sema. Nyumba hii ina vyumba sita na sina choyo. Lakini kama si hivyo, basi mwachie afe kwa amani, chochote alichokukosea. Ni mtu mwema. Amesomesha nusu ya mtaa huu.

Leo kaomba kalamu. Nilitaka kumwandikia mimi. Akakataa. Kasema hii haiandikwi na mtu mwengine.

Rawiya


Malindi
27 Februari 2024

Mwanangu Wanu Jecha,

Rawiya amekiri kwamba alikuandikia, na amenieleza alichodhani. Nimecheka, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Nimemwambia wewe ni binti wa mtu mwema, na mimi siye.

Nilikujua tangu barua yako ya kwanza. Jecha alikuja kazini siku ya akika yako na haluwa iliyofunikwa kwa kawa, akasema, "Bwana Hamoud, nimempa jina la mama yangu. Wanu. Siku moja utanifundishia huyu kuhesabu." Nilipoona jina chini ya karatasi nilijua ni nani, na kwa kujua ndiko nikakupa saa sita tu, nikitumaini zitakutosha.

Jecha hakuwa mwizi. Hakugusa sarafu ya mzimu katika maisha yake. Kila tulipoingia alitangulia kupiga hodi na kufukiza ubani wake, na mimi msomi nikisimama kando nikitazama saa.

Siku ile nilimtuma mimi. Nilikuwa nasafiri kwenda kuusoma utafiti wetu mbele ya watu wakubwa, na nilitaka vipimo vichache vya kumalizia. Saa za kuingia nilizitoa katika kitabu cha maji kilichochapwa Ulaya. Kila mara nilizigeuza kuwa saa zetu. Mara ile nilikuwa na haraka. Kitabu kilisema 5, yaani alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Nami nikanakili 5. Jecha akasoma saa tano. Na mimi, Mswahili mwenzake, niliyeiandika kwa mkono wangu, nilipoitazama asubuhi nikasoma saa tano vilevile. Tukaondoka pamoja tukafika saa tano, jua kichwani.

Aliitazama bahari. Akasema, "Bwana Hamoud, mbona nje maji yanajaa?" Nikamwonesha karatasi. Nikamwambia pango huchelewa. Na ni kweli huchelewa, lakini si kiasi kile. Mtu wa bahari, baba na babu wavuvi wa Tumbatu, aliyaacha macho yake akashika karatasi yangu. Ilikuwa na muhuri.

Pango lile lina koo. Unapita ukiwa umeinama, kisha unainuka katika ukumbi ambamo mmesimamishwa ubao wa kipimo. Maji yakija, koo ndilo linaloziba kwanza. Nilikaa mlangoni na kalamu, kama desturi yetu. Niliita, "Jecha!" Akaitika, "Naam," akataja namba, nikaandika. Nikaita tena. Namba ilikuwa imepanda, na katika miaka yote ile hatukuwahi kuona maji yakipanda pale kwa kasi kama ile. Kisha koo likaziba. Alinitajia namba mpaka mwisho, sauti ikipenya katika nyufa za mwamba. Ile ya tano hata sikuiita. Aliileta mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kazi.

Nilikaa mpaka nikawa naita peke yangu. Kisha niliondoka. Nilipita katikati ya kijiji na watu wakanipungia mkono, na sikumwita hata mmoja. Waliponifuata mjini kesho yake niliwaambia nilikuwa ofisini, na hata walionipungia mkono hawakuthubutu kunikanusha mimi msomi. Sheha aliponiuliza mbele ya watu nikasema yale uliyoyasikia. Maneno mawili. Mengine walijaza wao. Mtu ambaye hakutumwa, akafia mahali penye sarafu, watu hawahitaji kuongezewa.

Zile tano niliziingiza katika jedwali kwa sababu zilikuwa kweli, na kwa sababu ndizo alizoniachia. Herufi yangu tu ndiyo sikuweza kuiandika. Jedwali lilipokuja kusomwa vibaya Ulaya, likazaa pango la kinyume, nikaona nimesitiriwa. Maana kwa saa za kizungu siku ile haitofautiani na siku nyengine, nayo ni ya kinyume vilevile. Kila mtu aliyelisifu pango lile alikuwa akinifunikia koo lake, bila ya kujua.

Sasa fanya haya. Usizifute. Katika nafasi ya mwandishi, kwenye mistari ile mitano, tia herufi H. Katika ile nafasi ya sababu andika jina langu kamili, Hamoud bin Jamil bin Hamoud, na uandike: alikuwapo, alimtuma, aliandika. Liache wazi, kila mtu alifungue, na wa Makunduchi na wa Ulaya. Umsomee mama yako kabla ya mtu yeyote. Na kule kijijini awepo mtu wa kuwasomea kwa sauti, maana aliyetukanwa kwa midomo hasafishwi kwa kompyuta.

Siombi radhi. Sina haki ya kukupa kazi nyengine juu ya hiyo.

Hamoud bin Jamil


Nimetia saini, nikaifunga bahasha, kisha nikaifungua. Kengele iko mkononi mwangu na sijaigonga, wala sijamwita mtu, na uani pameitikwa.

Umeniuliza nani aliandika, na nimekujibu. Hukuniuliza nilisema nini, kwa sababu grafu haioneshi. Tazama tena ile ngazi. Baina ya nukta ya tatu na ya nne kuna nafasi pana kidogo kuliko nyengine. Wewe mwenye macho ya kazi utakuwa umeshaiona. Hapo tulizungumza.

Nimekuandikia kwamba koo liliziba, kana kwamba liliziba ghafla. Haikuwa ghafla. Baada ya namba ya tatu koo lilikuwa bado wazi, nikiuona mwanga wa kurunzi yake juu ya maji. Akaniita yeye, kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia pangoni. Akasema, "Bwana Hamoud, maji yashanifika kifuani. Ntoke?"

Nikamwambia, "Soma tena."

Akasema, "Naam." Akasoma.